Nta na Deni la Mtelezo

Makere, katika nyanda za juu za Kigoma, kwenye njia ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, hakuna theluji. Kuna miyombo, kuna nyuki, na kuna nta. Masega yakishakamuliwa asali hutokoswa majini, yakachujwa kwa kitambaa au gunia, na kinachoelea juu kikaganda kuwa mkate wa manjano. Nta ya bara imekuwa ikisafirishwa ng'ambo tangu enzi za utawala wa Wajerumani, na mrina asali hana desturi ya kuuliza itapakwa wapi.

Katika nchi za baridi, mwenye mbao za kutelezea thelujini huzilaza kifudifudi juu ya meza nyumbani kwake. Hunoa kingo za chuma kwa tupa, huyeyusha nta kwa pasi ya moto, akaitandaza, akangoja ipoe, kisha akaikwangua karibu yote. Kinachobaki ni kile kilichonywewa na vinyweleo vya ubao. Mtu wa pwani hatalistaajabia jambo hilo. Naye, chombo kikipwelewa, hukipaka deheni ya shahamu na chokaa chini ya mkondo wa maji, na mbao za juu akazipaka sifa. Chombo kisichopakwa huliwa na bahari.

Swali ni hili: akipakacho mtu chomboni mwake ni siri yake peke yake? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa ndiyo. Watelezaji wa mashindano walitumia nta yenye florini, ambayo husukuma maji na uchafu kuliko nta yoyote ya zamani. Kemikali zake hazivunjiki upesi; hubaki thelujini, na theluji ikiyeyuka huingia udongoni na majini. Utafiti uliofanywa Norwei ulizikuta kwa wingi katika damu ya mafundi wa kupaka nta, waliovuta moshi wake mwaka baada ya mwaka ili mwingine ateleze. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilitangaza marufuku mwaka 2019, nayo ikatekelezwa kikamilifu katika msimu wa 2023/24.

Mteleza wa nyumbani, asiyeshindana na yeyote, ana utetezi wake: kipande chake ni kidogo mno. Utetezi huo wajulikana Makere pia. Mzinga wa gome hupatikana kwa kulibandua gome la mti likazunguka shina zima, na mti uliobanduliwa hivyo hufa, kwa kuwa chakula kitokacho kwenye majani hakifiki tena mizizini. Aghalabu ni mti wa jamii ileile ambayo maua yake huwalisha nyuki. Mti mmoja katika msitu mpana ni nini? Hata hivyo warina ni wengi, na kila mmoja ana mti wake mmoja.

Si haki, lakini, kuwapima wawili hao kwa mizani moja. Mrina huuona mti wake. Msimu ujao atapita chini yake ukiwa mkavu. Anajua, wala hana mbao za kuundia mzinga wa sanduku, na ada ya shule haingoji. Mteleza haoni kitu: maji yake huyeyuka na kwenda kwa watu wengine. Lakini yeye ndiye mwenye hiari, kwani akibadili nta hapotezi ila nukta chache. Na hizo nukta ni za nini? Mwaka 1998 huko Nagano, Philip Boit wa Kenya alimaliza mbio za kilomita 10 akiwa wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Na Dæhlie alimngojea akamkumbatia. Hapana nta ambayo ingaliuziba mwanya ule, na hakuna aliyeuona kuwa aibu.

Wengi walioacha florini wamebaki na parafini, itokayo kwenye mafuta ghafi. Wachache wamerudia nta ya mimea na ya nyuki, na huitwa nta safi. Nta ya nyuki hutaka mizinga, na mzinga hutaka ama mbao ama gome. Bei ya mkate wa manjano ikipanda, huko Makere kuna mtu atakayeutazama mti wake na kukadiria unene wa shina.