Kifaa Changu, Ufunguo wa Nani?

Ukinunua nyumba na muuzaji akabaki na ufunguo wa chumba kimoja, utasema nyumba ni yako? Vifaa vya namna hiyo tunavinunua kila siku. Kicheza muziki cha mfukoni kina kasha, betri na diski, na humo ndani kuna programu inayoamua kila kitufe kifanye nini. Mtengenezaji huiacha imefungwa. Yeye ndiye ajuaye itasasishwa lini, na lini itaachwa ife.

Mwaka 2001 Waswidi watatu, Björn Stenberg, Daniel Stenberg na Linus Nielsen Feltzing, hawakuridhika na programu ya kicheza muziki cha Archos. Wakaandika yao, wakaiita Rockbox. Baadaye ikaingia hata kwenye iPod. Apple ilisitisha iPod ya mwisho mwaka 2022, lakini iPod ya 2005 ukiiwekea Rockbox leo itacheza mafaili ya FLAC na Ogg, ambayo haikuwahi kuyacheza ilipokuwa mpya.

Utaniambia: programu ile ni jasho la mtengenezaji, nawe uliyakubali masharti ulipolipa. Hoja hiyo siidharau. Ila walioandika Rockbox hawakunakili jasho la mtu. Waliandika upya, kisha wakaigawa bure.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba Rockbox inaongea. Asiyeona akibonyeza kitufe, sauti humsomea menyu. Jina la faili lisilotayarishiwa sauti hutajwa herufi moja moja (inachosha, naam, lakini unafika). iPod ya 2005 ilitoka kiwandani ikiwa bubu. Apple iliweka menyu za sauti kwenye iPod nano ya 2008, na iPod zile za zamani zikabaki kimya. Kumbe uwezo wa kusema zilikuwa nao siku zote, kwa betri ileile na waya uleule wa masikioni. Kilichokosekana ni mtu wa kuziandikia.

Sidhani kampuni inawajibika kukihudumia kila kifaa milele. Inaweza kuondoka. Lakini programu ya iPod nano ya 2006 ilifungwa kwa usimbaji fiche, na ilichukua miaka kabla ya njia ya kuingia kupatikana. Miaka hiyo yote, asiyeona aliyekuwa na nano ile alikuwa na kifaa alichokilipia kikamilifu, akisubiri wageni wavunje kufuli.