Shangazi Hakosi Harusi

Mama mmoja wa Ng'ambo, mjini Tabora, aligundulika kuwa na saratani ya titi akapelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa kuwa kwa watu wa Tabora ni karibu kuliko Ocean Road, Dar es Salaam. Akapangiwa tibakemia, dripu moja kila baada ya siku 21. Akishatundikiwa hulala kwa ndugu, na asubuhi hupanda basi la kurudi nyumbani kupitia Shinyanga na Nzega. Mama huyu nimemtunga mimi, asitafutwe. Yaliyompata hayakutungwa, yanatokea.

Baada ya dozi ya kwanza muuguzi aliwaambia waliomsindikiza, "Mlindeni na maambukizi." Maneno yalipofika Ng'ambo yalikuwa yamegeuka. Watu wa nyumbani walielewa kwamba yeye ndiye atakayewaambukiza. Akahamishiwa chumba cha uani, akatengewa sahani na kikombe, wajukuu wakakatazwa kupanda kitandani kwake. Chakula kiliwekwa mlangoni juu ya kigoda, na aliyekileta aligeuka kabla mama hajamaliza kusema ahsante. Saratani ya titi haiambukizi kwa sahani, kwa kukumbatiana wala kwa kulala chumba kimoja. Hakuna aliyewaambia. Wiki tatu nzima mtu aliyezoea kuamkiwa na mtaa wote alisikia salamu za "Mwangaluka" zikipita barabarani, zote za wengine.

Ndiyo maana aliporudi kutoka dozi ya pili, akakuta harusi ya binti wa kaka yake imewadia, hakutaka kusikia la mtu. "Sizikwi nikiwa hai," alisema. Wifi yake akamuunga mkono: "Nani atamtoa mtoto, wifi, kama shangazi yake hayupo?" Kila mtu alikuwa anajua tarehe ya harusi. Hakuna aliyehesabu kwamba siku hiyo ni ya kumi tangu dripu.

Na kwa kumtazama, nani angemzuia? Kutapika kulikwisha siku ya tano, hamu ya kula ikarudi. Alivaa kitenge cha sare, kilemba kikaficha kichwa kilichonyonyoka. Alikumbatiwa na ukumbi mzima. Alinawa katika beseni ambalo maji yake yalikuwa yameshabadilika rangi kwa mikono ya waliomtangulia, akala pilau na kachumbari kwenye sinia moja na wenzake, akampakata mtoto wa jirani aliyekuwa akichuruzika makamasi. Alicheka sana siku ile.

Hapo ndipo mtego ulipo. Dawa za tibakemia huua seli zinazozaliana haraka. Saratani ni mojawapo, lakini na mizizi ya nywele imo, na ngozi laini ya kinywa na utumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Chembe nyeupe zilizokuwapo hufa, mpya hazijazaliwa, na kwa dawa nyingi idadi yake hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda tena wiki ya tatu. Zile chembe nyeupe za mstari wa mbele, neutrofili, kwa kawaida huzidi 1,500 katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 500, kijidudu ambacho mwingine asingekihisi kinaweza kuingia kwenye damu na kuzagaa. Kwa hiyo mgonjwa anaanza kujisikia mzima wakati uleule ambao kinga yake imekwisha.

Usiku wa pili baada ya harusi alianza kutetemeka. Binti yake akamgusa paji la uso. "Mama, una homa." Tabora, homa ikiingia ndani ya nyumba, jina la kwanza linalotajwa ni malaria, na si kwa ujinga, maana mkoa huu ni kati ya mikoa inayosumbuliwa zaidi na malaria nchini. Wakagonga duka la dawa, wakapewa mseto na panadol. Mama akatoka jasho, akalala. Asubuhi akaomba uji, nyumba nzima ikashukuru.

Panadol ilishusha joto, vijidudu haikuvigusa. Mgonjwa aliyeishiwa chembe nyeupe mara nyingi hatoi usaha, havimbi, hana dalili nyingine ya kumwonyesha mtu kwamba anashambuliwa. Homa ndiyo kengele pekee, na wao walikuwa wameizima. Jioni ikalia tena. Mzee mmoja akaleta mizizi ya kuchemsha. Alfajiri ya siku ya tatu mama hakumtambua binti yake. Walipomfikisha hospitali kwa bajaji mikono ilikuwa ya baridi na shinikizo la damu halipimiki. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Msibani wengine walisema harusi ndiyo iliyomuua, wengine wakanong'ona kuhusu kijicho. Mimi naona tofauti. Harusi iliongeza hatari, sina ubishi. Lakini sehemu kubwa ya vijidudu vinavyoingia kwenye damu ya wagonjwa hawa hutoka kinywani mwao, utumboni mwao na kwenye ngozi yao wenyewe. Angeweza kupata homa ileile akiwa amefungiwa chumba cha uani, sahani yake pembeni. Kilichomponza zaidi ni muda uliopotea. Madaktari wa saratani huichukulia homa ya nyuzi 38 kwa mtu wa tibakemia kuwa dharura, sawa na mtu anayevuja damu: antibayotiki ya mshipa inatakiwa iingie ndani ya saa moja tangu afike, bila kungoja majibu yote ya maabara. Malaria nayo hupimwa papo hapo, na hata ikionekana ipo, hiyo si sababu ya kumnyima antibayotiki.

Wala nisieleweke kwamba nawalaumu watu wa Tabora kwa kupenda watu. Mji wenyewe umekua kwa kupokea wageni. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa Unyanyembe kabla ya njia kugawanyika, hawa Ujiji, wale Karagwe na Buganda. Njia zilizoleta nguo na shanga zilileta na ndui. Na daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kinachofuatilia namna kipindupindu kilivyosafiri Afrika Mashariki, misafara ikiwa miongoni mwa wachukuzi wake. Lakini mji huuhuu ulikuwa na adabu yake. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipoingia Kazeh, hapa hapa Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, desturi ilimpa mgeni siku ya kupumzika kwanza, ndipo wafanyabiashara Waarabu wakaja kumwamkia. Hakuna aliyeona amedharauliwa kwa kungoja. Kungoja, basi, si jambo la kigeni kwetu. Tunachotakiwa kujifunza ni kuhesabu siku kwa kufuata damu ya mgonjwa.

Shangazi yule angeweza kuiona harusi. Daktari angeambiwa tarehe mapema, na kuulizwa kama dozi inaweza kusogezwa siku chache ili harusi iangukie wiki ya tatu. Ikishindikana, basi angekaa nje mchana, chini ya mwembe, kwenye kiti chake, bila kuingia ukumbini usiku. Angepakuliwa chakula cha moto kutoka sufuriani, bila kachumbari wala maziwa mabichi, kwenye sahani yake, na kila mtu angejua kuwa sahani ile ni ya kumlinda yeye. Salamu angepokea kwa mkono kifuani. Nyumbani, katika zile siku za hatari, wageni wawili watatu wasio na mafua wangeketi naye barazani. Wajukuu wakishanawa kwa sabuni, na hakuna mwenye kikohozi au tetekuwanga, wangepanda kitandani kwa bibi yao. Mtu aliyetengwa hukata tamaa, na aliyekata tamaa hupitwa na basi la Mwanza. Nayo dozi iliyokosekana huipa saratani nafasi.

Kama nyumbani kwako yuko anayetumia dawa hizi, nunua kipimajoto leo. Andika tarehe ya dripu kwenye kalenda ya ukutani na uzungushie wino siku ya 7 hadi ya 14. Weka namba ya bajaji inayofanya kazi usiku. Kipimo kikisoma 38, usitangulize panadol wala usingoje kukuche. Chukua kadi yake ya kliniki mwende hospitali, na neno la kwanza mlangoni, kabla hata hujaulizwa jina, liwe hili: "Anatumia dawa za saratani, na ana homa."