Mlinzi wa Haki Alishwe na Nani?

Jina la kisiwa cha St Helena si geni kwa watu wa pwani yetu. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha Unguja kwa siku chache tu mwaka 1896, aliposhikwa na Waingereza mwaka 1916 alihamishiwa huko, kisha Shelisheli; mwisho akaruhusiwa kurudi Afrika ya Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927. Waliokichagua kisiwa hicho walijua walifanyalo. Kimo katikati ya Atlantiki, kilomita 1,950 hivi kutoka pwani ya Angola, na hesabu ya mwaka 2021 ilikuta huko watu kadiri ya 4,400. Mtu akidhulumiwa mahali kama hapo, kilio chake chamfikia nani?

Mwishoni mwa mwaka 1956 watu watatu wa Bahrain, waliokuwa wakidai baraza la kuchaguliwa na raia, walihukumiwa kwao wakapelekwa St Helena kufungwa. Mmoja wao alishitaki, akashindwa. Akakata rufaa mpaka London, akashindwa tena mwaka 1960. Shauri lilipoletwa upya mwaka 1961, mahakama ya kisiwa kile kile iliona kuwa kifungo si halali, wakaachiliwa. Sheria haikubadilika. Palipatikana ushahidi ambao hapo mwanzo haukuletwa, na mawakili wa kuuleta. Basi haki iliyoandikwa yahitaji watu wa kuitafutia ushahidi, na watu hao wana nauli, wana karatasi za kununua, na wana watoto wa kulisha.

Leo kisiwa kina katiba ya mwaka 2009 yenye sura ya haki za wanaadamu, na kina Tume ya Usawa na Haki za Binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Tume hiyo hupata ruzuku kutoka hazina ya serikali ya kisiwa. Na hazina hiyo, kwa sehemu kubwa, hujazwa na msaada wa Uingereza, ambayo ndiyo imtumayo Gavana. Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Je, yafaa mlinzi apokee chakula chake mkononi mwa yule apaswaye kumlinda raia naye?

Wako wasemao kuwa haidhuru, maana hakimu pia hulipwa na dola na bado huihukumu. Ni kweli, lakini mshahara wa hakimu huwekewa kinga ili asipunguziwe kwa sababu ya hukumu yake. Ruzuku ya mwaka kwa mwaka haina kinga hiyo. Wazee walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Na tume iombayo kila mwaka, uzazi wake haukomi. Hapana haja ya mtu yeyote kuitisha. Katibu wa tume atalishika faili la polisi au la hospitali, atakumbuka kuwa mwezi ujao bajeti yajadiliwa, na kalamu yake italegea yenyewe. Zidisha juu ya hayo kwamba katika watu 4,400 mshitaki, mshitakiwa na mchunguzi aghalabu ni jamaa, na kwamba mwajiri mkubwa kupita wote ni serikali yenyewe.

Wengine husema: basi na waombe kwa wafadhili wa nje. Lakini mfadhili wa mbali huhesabu vichwa, na vichwa vya St Helena ni vichache. Akitoa, hutoa kwa mradi wa miaka miwili, kwa jambo alipendalo yeye, kisha huenda zake.

Tena wako wasemao kuwa kazi ya haki ifanywe kwa kujitolea. Nao wana hoja. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 iliwanyima wenyeji uraia kamili wa Uingereza, ijapokuwa hati ya mfalme Charles wa Pili ya mwaka 1673 iliwaahidi haki za Waingereza. Mwaka 1992 askofu wa kisiwa aliunda kamati ya kuudai, na mwaka 2002 Bunge la London liliurudisha. Ni kazi tukufu, wala siidharau. Lakini uraia ulikuwa dai la kila nyumba. Ni nani atakayejitolea miaka kumi kwa ajili ya mfungwa achukiwaye na mji mzima, au kwa mtoto aliyeharibiwa na mtu wa heshima? Madai ya kudhulumiwa watoto yalipozidi, ilibidi London itume wakili kuchunguza. Taarifa yake ya mwaka 2015 ilikanusha kuwapo kwa njama ya kuficha, lakini ilikuta kasoro nzito katika ulinzi wa watoto.

Mimi naona kosa limo katika kuiita ruzuku hii fadhila. Atawalaye watu walio mbali, akashika katiba yao na uteuzi wa Gavana wao, ana deni la kuwapa njia ya kumshitaki. Na deni halilipwi kwa masharti ya mdaiwa. Kanuni za Paris, zilizokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1993, zataka taasisi za namna hii ziwe na fedha za kutosha ili zisishikwe na serikali kwa njia ya mfuko. Sisi twaijua namna ya kulitimiza hilo: ni wakfu, mali ambayo mtoaji akishaitoa hairudishi. Uwanja wa ndege wa kisiwa uliigharimu Uingereza kadiri ya pauni milioni 285. Sehemu moja katika mia ya fedha hizo ni pauni milioni 2.85, zikitiwa katika majengo yenye kuleta kodi (sisemi riba) ya sehemu tatu katika mia, zatoa pauni 85,500 kila mwaka. Hesabu za matumizi na zikaguliwe, kwani ni mali ya watu. Ila mkaguzi aulize fedha zilitumikaje, asiulize ni nani aliyeudhiwa.

Linalobaki gumu ni wadhamini. Wakichaguliwa wenyeji watupu, ujamaa utaingia; wakiletwa na London, ni mkono ule ule. Pengine wagawanywe nusu kwa nusu, na mwenyekiti atoke katika kisiwa kingine cha mbali, kama vile Falkland, asiye na shemeji Jamestown wala cheo cha kungojea London.