Kipa na Mstari

Baba mdogo akianza habari za Taifa Stars ya 1979, hata ugali wa ulezi hupoa mezani. Ndola, Zambia, kwa majirani zetu sisi wa Rukwa, Peter Tino akafunga, mechi ikaisha 1-1, tukafuzu fainali za Afrika. Tino anatajwa mpaka leo. Na kipa je? Baba mdogo hucheka: "Kipa hukumbukwa akifungwa, mwanangu."

Kipa wa kizazi kile alikuwa Juma Pondamali, waliyemwita Mensah, ambaye miaka mingi baadaye alifundisha makipa wa Yanga. Kule Lagos, Machi 1980, lango letu lilipitisha mabao 3 ya Nigeria, 2 ya Misri, 1 la Ivory Coast. Sita, na yote yaliingia hadharani, wavuni, mbele ya umati. Siku hizi namwonea wivu kipa anayefungwa namna hiyo.

Maana mimi pia nilidaka, ndugu msomaji. Uwanja wetu wa shule, nje kidogo ya Sumbawanga, ulikuwa na magoli ya miti ya mikaratusi, wavu hakuna. Fainali, dakika za mwisho, tunaongoza 1-0, baridi ya Juni inakata vidole. Mpira ukanipita, nikaurudisha kwa mkono. Refa alikuwa mbali. Akaja mbio: "Umeingia?" Nikatikisa kichwa.

Nilijitetea, na hoja yangu haikuwa ya kipuuzi. Kazi ya kipa ni kukataa mabao. Mshtakiwa halazimiki kujishtaki, na hukumu ni ya refa. Mshambuliaji anayejiangusha kwenye boksi haungami kwa mtu, tena hushangiliwa. Kwa nini mimi?

Ingeishia hapo, ningelala. Lakini wenzetu waliofungwa wakasema goli letu limefukiwa dawa. Aliyesawazisha udongo golini asubuhi ile alikuwa mlinzi wa shule, mzee mpole, macho mekundu kwa moshi. Unajua tena huku kwetu. Mji wenyewe jina lake, wazee husema, maana yake ni "tupa uchawi", na macho mekundu yamekwisha kuua vikongwe wangapi nchi hii? Hawakumpiga, Mungu saidia. Watu waliacha tu kumwamkia. Watoto wakawa wanazunguka njia nyingine. Muhula haujaisha, akafunga godoro lake akashuka bonde la Rukwa.

Hoja yangu ya mshtakiwa ilifia hapo, kwa sababu mshtakiwa hakuwa mimi tena. Kunyamaza kwangu kulikuwa kumekwisha kuwa ushahidi dhidi ya mtu mwingine, nami nikaendelea kunyamaza, medali ya bati shingoni.

Mwaka jana nilimtafuta. Nikaambiwa amefariki, ameacha binti. Nilikaa naye nje ya nyumba yake, nikanywa maji yake, tukaongea bei ya mahindi. Nikaaga.

Mpira ulikuwa umevuka mstari kiganja kizima.