Tusiitolee ushahidi dawa tusiyoijua

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba wake.

Ndugu Waislamu, wiki hii nazungumzia jambo linaloonekana dogo, nalo ni upele wa kuwasha. Aliyewahi kuugua anajua kuwa si dogo. Mimi ni mwalimu wa dini katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi nimekuwa na ule ugonjwa ambao watu wanauita pumu ya ngozi. Ulinikamata viwikoni na shingoni. Nikisimama kusali, badala ya kuzingatia ninachosoma, akili yote iko kwenye kiwiko. Usiku nilijikuna hadi shuka likaingia damu.

Kutafuta tiba hakupingani na kumtegemea Allah. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubair bin Al-Awwam (R.A.) kuvaa hariri, ambayo asili yake ni haramu kwa wanaume, kwa sababu ya muwasho waliokuwa nao. Hakuwaambia wavumilie tu. Dini yetu imeutazama muwasho wa mja kwa huruma kiasi hicho.

Basi mwaka 2022 nikaenda kliniki moja ya Kichina. Tabibu alinishika mkono akasikiliza mapigo, akautazama ulimi, kisha akanipa pakiti za mizizi na magome ya kuchemsha, pamoja na tyubu ndogo ya kupaka iliyoandikwa Kichina kitupu. Nilipouliza kilichomo, nikajibiwa kuwa ni mitishamba tu, haina kemikali. Siku ya tatu ngozi ilikuwa laini, na usiku nikalala.

Nikamshukuru Allah. Hapo ningeishia. Lakini mimi nikaanza kuitangaza ile dawa. Baada ya darsa ya Magharibi niliwaeleza watu nilivyopona, na mmoja wao akadakia kuwa ndiyo maana tumeambiwa tutafute elimu hata China. Nikanyamaza, ilhali najua kuwa wanachuoni wengi wa hadithi hawayakubali maneno hayo kuwa ni ya Mtume (S.A.W.).

Kijana mmoja wa msikitini kwetu akaenda kununua tyubu kama ile kwa ajili ya mtoto wake ambaye hajafikisha miaka miwili. Wakampaka mashavuni kila siku, mwezi baada ya mwezi. Kila walipoacha, upele ulirudi mwekundu zaidi, na ngozi ikawa nyembamba hata mishipa inaonekana. Daktari wa ngozi alipomwona alisema hizo ni dalili za kupakwa steroidi kali kwa muda mrefu. Yule baba alinifuata baada ya Ishaa, bila ugomvi, akaniuliza: "Ustadhi, si ulisema ni mitishamba mitupu?"

Sikuwa na jibu. Ile tyubu haikupelekwa maabara, kwa hiyo siwezi kuapa juu ya kilichokuwemo. Lakini ndiyo hoja yenyewe: sikujua, na nilisema kana kwamba najua. Katika Suratul Israa Allah (S.W.) anatukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na anatujulisha kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa.

Je, tiba ya Kichina ni batili?

La hasha. Artemisinini, iliyomo katika dawa mseto za malaria tunazomeza, ilitokana na mmea wa tiba ya Kichina, na mwanasayansi Tu Youyou akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Hata kwa pumu ya ngozi, mwaka 1992 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha jaribio la watu wazima 40 walioonekana kupata nafuu kwa mchanganyiko wa mimea ya Kichina. Jaribio jingine la Hong Kong, lililochapishwa mwaka 1999, halikuona tofauti. Kwa hiyo mlango haujafungwa, ila ushahidi haujatimia.

Tatizo ni udanganyifu. Mwaka huohuo wa 1999 jarida la British Medical Journal lilitoa matokeo ya kupima dawa 11 za kupaka zilizoitwa mitishamba ya Kichina. Nane kati yake zilikutwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Steroidi yenyewe si uovu. Madaktari huiandika kila siku, kwa nguvu na muda maalumu. Uovu ni kuificha, kwa sababu mzazi hawezi kuogopa asichoambiwa.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaingiza mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji ndani. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Tyubu isiyotaja kilichomo ni lundo lile lile, juu kavu, chini mbichi.

Ndugu yangu, ukienda kwa tabibu yeyote, Mchina, Mmasai au wa kisunna, dai jina la kila kilichomo. Uliza kama amesajiliwa, kwani Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002. Uliza kuhusu uhalali pia, maana baadhi ya dawa za Kichina za muwasho zina magamba ya nyoka au ya nyenje. Dawa ya kupaka inayoponya kwa siku mbili tatu ikushtue kabla ya kukufurahisha. Na aliyekwisha kuitumia muda mrefu asiiache ghafla. Aende kwa daktari na tyubu yake mkononi.

Nasi walimu na maimamu tujihadhari zaidi. Muuzaji anatangaza dawa kwa bango, lakini sisi watu wanaipokea kwa ajili ya kanzu na kofia zetu. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana. Mimi sikutibu, lakini nilielekeza. Nimemwomba radhi yule baba, nimechangia gharama za matibabu, na nimesimama katika darsa ileile kukanusha maneno yangu. Mashavu ya mtoto yanaendelea vizuri, alhamdulillahi. Kiwiko changu bado kinawasha.

Allah atusamehe tuliyoyasema bila elimu, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.