Thamani ya Picha na Dhamiri ya Mnunuzi

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mimi nimepata kukiona kizuri kikitembezwa, na tangu siku hiyo methali hiyo hainitoshi.

Ilikuwa Mkiwa, mkoani Singida, pale njia ya kwendea Itigi inapoachana na barabara kuu itokayo Manyoni. Nilikuwa safarini kikazi. Bwana mmoja wa makamo alinijia na kifurushi cha gunia. Ndani yake mlikuwamo picha ndogo ya rangi za mafuta, upana wake kama viganja viwili, na fremu yake imeliwa na mchwa. Ilionyesha majabali, mbuyu mmoja, na mbingu ya kiangazi. Jina la mchoraji halikuwapo. Alisema marehemu baba yake aliachiwa na Mzungu aliyemtumikia. Mwaka ule mvua zilikuwa haba, naye alitaka fedha za kununulia mtama. Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo kuliko nauli yangu ya basi.

Je, ni haki kununua kwa bei hiyo? Yuko atakayesema: mwenye mali ametaja bei kwa hiari yake, basi pana kosa gani? Jibu langu ni kwamba hiari ya mwenye njaa ni nusu hiari. Na ajuaye thamani akanyamaza, huigeuza elimu yake kuwa mtego.

Hapana budi tupambanue. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya vipande vya ubao, kwa rangi za kupakia baiskeli. Aliuza kwa shilingi chache, akafariki mwaka 1972. Leo picha za mkono wake zatafutwa ng'ambo kwa fedha nyingi. Walionunua mwanzoni hawakumdhulumu, kwa kuwa wao nao hawakujua yatakayokuja. Ujinga wa wote wawili hauna lawama. Lawama i katika ujuzi wa mmoja unaofichwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kuukataa unyonyaji. Huo nao ni unyonyaji, ingawa hauna shamba wala kiwanda.

Basi nilimwambia kweli: "Ndugu yangu, usiiuze kabla hujawaonyesha wajuzi wa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam." Akashukuru. Nikapanda basi, moyo mweupe.

Juma lililofuata nilipita tena. Picha ilikwisha kuuzwa kwa msafiri, kwa bei ile ile. Akaniambia kwa upole: "Dar es Salaam ningefikaje, mzee, na watoto hawajala?"

Hapo nilitambua kuwa kweli niliyoisema ilinisafisha mimi, haikumlisha yeye. Ningaliweza kumpa fedha ya mtama, tukaandikiana hati, nami nikaipeleka picha kwa wajuzi kwa niaba yake. Sikufanya, kwa kuwa nilidhani wajibu wa mwenye elimu huishia katika kunasihi.

Kwa hiyo tunapowahimiza wananchi watunze mali ya utamaduni, na tujiulize kwanza nani atawatunza wao. Katika lugha yetu, mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake, asiye na wa kumwegemea. Tusimwachie mkiwa kulinda urithi wa taifa zima kwa njaa yake.