Vyombo vitupu
Mkulima wa alizeti Singida hahitaji mfasiri wa kisa cha mjane katika 2 Wafalme 4. Anajua dumu lenye maji chini huharibu mafuta mapya. Lazima lisuuzwe, likauke. Mafuta ya mjane hayakukoma kwa kuisha, vyombo ndivyo vilivyokwisha. Tena nabii Elisha alitaka vyombo vitupu, na mlango ufungwe. Mlango huo nausoma kama kimya, na utupu kama nidhamu ya kuacha kinyongo, majivuno na pupa (wahubiri wa utajiri wa haraka hulirukia dumu lililojaa). Atasema mtu kwamba haya ni mafumbo ya kuwaliwaza maskini. La hasha: mjane aliambiwa auze mafuta, alipe deni lililotishia kuwapeleka wanawe wawili utumwani, kisha waishi kwa yaliyobaki.